Muwala na mshikamano katika maandishi ya kitaaluma

Msahihishaji anapoandika pambizoni "hakuna mtiririko", huenda anazungumzia matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Mshikamano ni vifungo vinavyoonekana kwenye maandishi: viunganishi, viashiria kama "hili" na "hao", upatanisho wa ngeli, maneno yanayorudiwa. Muwala ni uhusiano wa hoja zenyewe, yaani kila sentensi inasaidia nini kuthibitisha jambo unalolidai. La kwanza linaweza kuwepo bila la pili:

"Ufugaji wa nyuki huwapa wanakijiji kipato. Vijiji vingi havina barabara nzuri. Barabara hizo hujengwa kwa kodi. Kodi hiyo hulipwa pia na wafanyabiashara."

Kila sentensi imeshika mkia wa iliyotangulia, lakini aya haidai chochote. Ndiyo maana ushauri wa "ongeza viunganishi" hausaidii sana. Kiunganishi hutangaza uhusiano uliopo, hakiuumbi. Ukiandika "Mvua zilichelewa. Hata hivyo, mavuno yalipungua", msomaji aliyetarajia mavuno mazuri anakwama, kwa kuwa hapo palihitajika "kwa hiyo".

Basi anza na muwala. Ukimaliza rasimu, andika pembeni mwa kila aya dai lake kwa sentensi moja, kisha soma madai hayo peke yake kuanzia juu hadi chini. Aya isiyo na dai, au yenye madai mawili, itajionyesha. Viunganishi virekebishe baada ya hapo.

Upande wa uwazi, Kiswahili kina mtego wake. Dhana nyingi za kitaaluma ziko katika ngeli ya U: utafiti, umaskini, utoro, ufaulu. Tazama: "Umaskini huchochea utoro, na huo ndio unaoshusha ufaulu." Huo upi? Umaskini au utoro? Upatanisho wa ngeli, ambao kwa kawaida hutuokoa, hapa hautofautishi. Rudia nomino: "na utoro huo ndio unaoshusha ufaulu."

Wengi hukwepa kurudia neno kwa kuhofia kuchosha. Katika insha ya kitaaluma hofu hiyo haina msingi, na visawe huleta madhara zaidi: aya moja ikiwa na "wanafunzi", "watoto", "vijana" na "wasomi", msomaji hajui kama unazungumzia kundi moja au manne.