Hapana, kinubi changu hakitoki kwa Wadruidi

Jamani, nimechoka. Kila nikimaliza kupiga, hakosekani mtu wa kunijia na macho ya ndoto kuniambia amesikia roho ya Waselti, wenyeji wa kale wa Wales, na ya Wadruidi, makuhani wao wa misituni. Alichosikia ni Italia ya karne ya 17.

Ninachopiga ni kinubi chenye safu tatu za nyuzi. Kilizaliwa huko, kikafika London, na wapiga vinubi wa Wales waliokuwa wakitafuta riziki mjini wakakipenda. Karne ya 18 kikaitwa kinubi cha Wales. Baadaye Ulaya ikahamia kwenye vinubi vya pedali, ambavyo noti hubadilishwa kwa mguu, mtengenezaji wa vinubi Érard akaleta mfumo wake wa mwaka 1810, na wengine wakaacha safu tatu. Baadhi ya watu wa Wales wakang'ang'ania. Uwelisi wa chombo hiki ni ukaidi huo, basi.

Ukitaka kukisifu, achana na ukungu wa milimani, sikiliza nyuzi. Safu mbili za nje zimetyuniwa sawasawa, noti kwa noti. Ya katikati inashika nusu noti, zile za vitufe vyeusi vya piano, nazo unazifikia kwa kupenyeza kidole kati ya nyuzi za nje. Wengi hudhani siri ni hizo nusu noti. Sivyo! Utamu uko kwenye safu mbili zinazofanana. Mkono mmoja unapiga noti, wa pili unaipiga ileile upande wa pili kabla ya ile ya kwanza kufifia, na wimbo mzima unaanza kumeremeta. Kwenye kinubi cha pedali, ukirudia noti haraka kidole kinaugusa uzi ambao bado unatetemeka, kwa hiyo unaunyamazisha kwanza ndipo uupige tena. Hapa uzi wa kwanza unaachiwa umalize kuimba. Mtu anayezipiga nyimbo hizi kwenye pedali na kuniambia "ni yaleyale" ananikera kuliko hata mtu wa Wadruidi. Gharama ya utamu huu ni karibu nyuzi mia za kutyuni, katika nchi ambayo mvua haijui kupumzika.

Nanyi wapenzi wa damu ya Waselti, mnajua nani alikibeba kinubi hiki hadi kwetu? Kwa sehemu kubwa ni Waroma, wale wanaoitwa pia Wajipsi, ukoo wa Abram Wood, walioingia Wales karne ya 18. John Roberts wa ukoo huo alimpigia kinubi Malkia Victoria kwenye jumba la Palé, Wales, mwaka 1889. Mpiga kinubi Nansi Richards (1888–1979), ambaye bila yeye sijui tungekuwa tunapiga nini, alichota mengi kwao. Wakati huo wahubiri walishawakataza watu ngoma na furaha. Edward Jones, mpiga kinubi, alinung'unika kuhusu hilo tangu 1802.

Kwenye ngoma ya viatu vya mbao, inayochezwa kwa muziki huu, nitapita haraka. Viatu si mitalawanda ya bafuni: soli ni mbao, juu ngozi, chini chuma. Si vya Uholanzi! Mchezaji anagonga hatua, anaruka ufagio, anachuchumaa akirusha miguu, anazima mshumaa kwa viatu. Howel Wood, wa ukoo uleule, alicheza hivyo kwenye filamu mwaka 1949.

Ila hata sisi tunaojidai wa asili nina shaka nasi. Hatua zilipitia kwa watu wachache mno, na mashindano ya Eisteddfod, tamasha la sanaa la Wales, yanazipendelea zile za kuruka juu kwa sababu majaji wanaziona vizuri. Mtumishi wa shamba aliyecheza jioni kwenye dari la zizi la farasi hakuwa na jaji.

Ukale wa kweli mnaoutaka upo, kwenye muswada wa muziki wa kinubi wa Robert ap Huw, mpiga kinubi wa Wales, wa mwaka 1613 hivi, ulioandikwa kwa alama ambazo wataalamu bado wanagombania tyuni na mwendo wake. Wape wawili ukurasa mmoja, utaapa ni vipande viwili tofauti. Tena vinubi vya zama hizo vilifungwa nyuzi za singa za farasi, vikivuma kama vimekasirika. Anayetafuta muziki wa kusinzia asijisumbue.