Kuongeza nguvu kwa programu si lazima kuue injini ya turbo

Utaambiwa gereji kwamba ukibadili programu ya kompyuta inayoongoza injini ya turbo ili kuongeza nguvu, umeichimbia kaburi. Si lazima. Programu mpya hupandisha presha ya turbo, yaani ya hewa inayosukumwa ndani ya injini, hurekebisha petroli na wakati wa plagi kutoa cheche. Kinachoua ni joto kupita kiasi na injini kugonga: petroli kulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, hadi pistoni ipasuke. Programu iliyopangiwa oktani 98 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili bila kulipuka yenyewe), ukiiwekea petroli ya 91, unatafuta msiba.

Wauzaji wa programu hizi nao hudai magari ya Volkswagen Golf GTI na Golf R yenye nguvu zaidi, ya kizazi cha saba, yana injini ileile, kwa hiyo GTI itahimili nguvu za R. Nusu ukweli: R ilipewa turbo kubwa zaidi na pistoni tofauti. Ongezeko la kiasi, oili ikibadilishwa mapema, injini isiyo na hitilafu huvumilia; mara nyingi klachi ndiyo hutangulia kuteleza.