Je, wajua kwa nini Juno hakutaka hata picha ya mtoto wake?

Kama umewahi kuangalia Juno, ile komedi ya mwaka 2007 ya binti wa miaka 16 anayepata mimba na kuamua kumtoa mtoto kwa mke na mume wasiojaliwa kuzaa, kuna sehemu moja lazima ikukwaze. Wamekaa sebuleni kwa hao watu, Mark na Vanessa Loring, nyumba inang'aa kila kona, wakili wao yuko pembeni na makaratasi, anamuuliza binti angependa mpango wa namna gani, awe anatumiwa picha za mtoto akikua, apewe taarifa zake kila baada ya muda? Juno anashtuka. Anasema hapana, yeye anataka mambo ya kizamani, amweke mtoto kwenye kikapu kama Musa kwenye matete, basi imeisha.

Mara ya kwanza nilipofika hapo nilijiuliza huyu mtoto ana roho gani jamani, yani hata picha? Maana sisi huku binti akizaa nyumbani mtoto analelewa na bibi, au anapelekwa kwa mama mdogo, na hata akikaa mbali anajua kabisa mama yake ni fulani. Kumpa mtu umemuona leo kwa mara ya kwanza halafu usitake kusikia chochote tena, hilo halituingii akilini. Nimekuja kuelewa baadaye baada ya kusoma jinsi kuasili mtoto, yani kumchukua mtoto wa mwingine kisheria awe wako, kunavyofanyika Marekani, hasa jimbo la Minnesota ambako hadithi yenyewe inatokea, na sasa naona jibu lile la kikapu ndo limebeba filamu nzima.

Kwa ambaye hajaiona, kwa kifupi: Juno MacGuff analala na rafiki yake Paulie Bleeker mara moja tu, kwenye kiti cha sofa, anapima mimba mara tatu akiamini vipimo vinakosea, anaenda kliniki kuitoa anabadili mawazo na kutoka mbio, halafu anaamua kuzaa na kumtoa mtoto. Aliyeandika ni Diablo Cody, na ilikuwa hadithi yake ya kwanza kabisa ya filamu, aliiandika akiishi huko huko Minnesota. Muongozaji ni Jason Reitman na Juno amechezwa na Elliot Page. Bajeti haikufika hata dola milioni 8, mauzo yakapita dola milioni 230 dunia nzima, na mwaka 2008 Cody akachukua Oscar ya hadithi bora iliyoandikwa moja kwa moja kwa ajili ya filamu.

Sasa turudi sebuleni. Hao kina Loring Juno aliwapataje? Kwenye tangazo la gazeti, lile la bure la matangazo madogo madogo, wanapouza vyombo vya nyumbani na wanyama wa kufuga. Wengi huwa wanadhani hiyo ni chumvi ya filamu, lakini ni kitu kilichokuwepo kweli kabla intaneti haijachukua kila kitu, wenye hamu ya mtoto walikuwa wanaweka tangazo na picha yao wakitumaini mama mjamzito ataiona. Baadhi ya majimbo yanakataza, mengine yanaruhusu kwa masharti. Yani kwa njia hii siyo ofisi ya serikali inayomtafutia mtoto wazazi, mama mwenyewe ndo anachagua, na sheria inaingia baadaye kuhakikisha hakuna anayemuuza mtoto. Wanaoasili wanaruhusiwa kulipia gharama kama za hospitali, ushauri nasaha na wakili, lakini kumpa mama hela ili awape mtoto ni kosa la jinai. Ndo maana Juno anapoulizwa habari ya malipo anaruka mbali, na yuko sahihi kuruka.

Kuna kingine ambacho filamu haikuelezi ila ukikijua unaiangalia kwa jicho jingine. Kwa sheria ya Minnesota mama hawezi kusaini ridhaa ya kumtoa mtoto mpaka yapite masaa 72 tangu ajifungue. Akishasaini ana siku 10 za kazi za kubadili mawazo bila kuulizwa sababu. Kwa hiyo makaratasi yote ya pale sebuleni, na mimba yenyewe bado changa, hayamfungi Juno kwa lolote, hayo ni mazungumzo tu! Anayejua hilo vizuri kuliko wote pale ndani ni Vanessa, maana walishawahi kuahidiwa mtoto na mama yake akaghairi dakika za mwisho. Ukilijua hili ndo unaelewa kwa nini Vanessa anaongea kama mtu aliyebeba yai mkononi, anauliza kila kitu mara mbili, anaangalia lile tumbo kuliko anavyomwangalia mwenye tumbo. Watu wengi wanamuona mwanzoni kama mama mwenye maringo. Mimi naona ni mtu anayeogopa.

Na baba yake Juno, Mac, kwa nini alikwenda naye siku ile? Kwenye filamu anasema anaenda ili bintiye asije akatapeliwa. Ila kisheria angehitajika tu, kwa sababu mzazi ambaye hajaolewa na yuko chini ya miaka 18 ridhaa yake peke yake haitoshi huko Minnesota, lazima na wazazi wake waridhie. Bleeker naye ana haki zake, jimbo lina daftari maalum ambalo mwanaume anayeamini ni baba wa mtoto anajiandikisha, mwisho siku 30 baada ya mtoto kuzaliwa, asipojiandikisha anaweza kupoteza hata haki ya kuarifiwa kwamba mtoto anaasiliwa. Filamu inaruka hayo yote na sijaona ubaya, ni filamu siyo darasa la sheria.

Haya, hayo mambo ya kizamani aliyoyataka Juno ni yapi hasa? Hapa ndo pana uzito. Mwaka 1917 Minnesota hiyo hiyo ilitunga sheria iliyokuwa ya kwanza Marekani kulazimisha familia inayotaka kuasili ichunguzwe kwanza, na rekodi za kuasili zifungwe watu wa nje wasizisome. Lengo la mwanzo lilikuwa zuri, mtoto asiitwe mwanaharamu mtaani. Lakini miaka ilivyokwenda, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, majimbo mengi yakafunga zaidi, mtoto akawa anapewa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya waliomuasili kana kwamba wao ndo waliomzaa, kile cha kwanza kinafungiwa, na hata mtoto mwenyewe akiwa mtu mzima na mvi zake hawezi kukiona.

Na mama zao? Kuanzia 1945 mpaka 1973 inakadiriwa wanawake na wasichana kama milioni 1.5 Marekani walitoa watoto kwa njia hiyo, na wengi hawakuamua wenyewe. Binti akionekana tumbo anaondolewa shule, majirani wanaambiwa amekwenda kumuuguza shangazi mji mwingine, kumbe yuko kwenye nyumba ya kulelea wajawazito wasioolewa, anajifungua huko, anasainishwa, anarudi nyumbani mikono mitupu na anaambiwa sahau, utazaa wengine. Wapo waliokaa miaka arobaini bila kumwambia hata mume. Kabla ya 1973 karibu asilimia 9 ya watoto waliozaliwa na mama wasioolewa walitolewa, kufika miaka ya 1990 ilikuwa chini ya asilimia 2, kwa sababu utoaji mimba ulihalalishwa 1973 na pia aibu ya kulea bila ndoa ilipungua sana. Hao wachache waliobaki wakawa na sauti, mama akawa anaweza kusema nampa fulani ila nataka picha, nataka barua, nataka nimuone kila mwaka. Huko ndo kuasili kwa wazi kulikotokea, na ndo maana yule wakili anaulizia picha kama kitu cha kawaida tu.

Kwa hiyo Juno anapewa kile ambacho wale mama wa zamani wangetoa chochote wakipate, na anakikataa. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba tofauti ipo kwenye nani anafunga mlango. Wale wa zamani walifungiwa, Juno anaufunga mwenyewe. Hajafichwa kwa shangazi, anatembea na tumbo lake kwenye korido ya shule watu wanampisha na kumkodolea macho, nyumbani wazazi wanajua, hakuna siri. Kilichobaki ni moyo wake, na yeye ni mtoto wa miaka 16 anayejua kipimo chake, anajua akipokea ile picha ya kwanza atakuwa mama anayesubiri bahasha kila mwezi na yeye hayuko tayari kuwa mama. Baada ya kujifungua hamuangalii mtoto, Bleeker naye hamuangalii, anapanda kitandani hospitalini na viatu vyake vya kukimbilia anamkumbatia akilia. Hapo ndo ujue roho anayo. Mtu asiyejali hahitaji kukwepa kuangalia.

Na aliweza kuamua vile kwa sababu kuna watu walisimama nyuma yake. Mimi nampenda sana Bren, mama wa kambo. Pale kwenye ultrasaundi mpimaji anasikia mtoto akizaliwa atapewa watu wengine, anaonekana kupumua, anasema afadhali, maana mabinti kama hawa watoto wao wanakulia kwenye mazingira mabaya. Bren anamgeukia, anamuuliza cheo chake hapo ni nini, akishajibiwa anamwambia mimi natengeneza kucha, kwa hiyo kila mmoja wetu abaki kwenye anachokijua. Yule mama wa kambo anayesemwa kwenye hadithi zote za dunia, hapa ndo ngao ya binti. Kila nikiiona hiyo sehemu nairudisha nyuma.

Swali ambalo huwa linakuja: je, filamu haikuwashawishi mabinti kubeba mimba? Mwaka 2008 shule moja ya sekondari huko Gloucester, Massachusetts, ilipata wanafunzi wajawazito zaidi ya 15 kwa mwaka mmoja na magazeti yakaitupia lawama Juno. Ila takwimu za nchi nzima zilikwenda njia nyingine kabisa. Uzazi wa wasichana wa miaka 15 hadi 19 ulikuwa kama watoto 41 hivi kwa kila wasichana 1,000 mwaka 2007, kufika 2022 ukawa chini ya 14. Filamu haiwezi kudai sifa hiyo, ila lawama nayo haiistahili.

Mwishoni Mark anamkimbia mkewe kabla mtoto hajazaliwa, anasema hayuko tayari, mtu mzima mwenye nyumba na kazi ndo anasema hayuko tayari. Juno analia kwenye gari pembeni ya barabara, halafu anachukua risiti iliyokuwemo garini, anaandika nyuma yake kwamba Vanessa kama bado unataka basi na mimi bado nipo, anasaini jina lake na kuiacha mlangoni. Vanessa anaasili peke yake, jambo linaloruhusiwa majimbo yote. Na kile kikaratasi anakiwekea fremu na kukitundika chumbani kwa mtoto.

Julai 2024 Minnesota ilibadilisha sheria, sasa aliyeasiliwa akifika miaka 18 anaomba nakala ya cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa na anapewa, mzazi hawezi tena kuzuia. Tukichukulia hadithi inatokea mwaka ule ule ilipotoka, mtoto anazaliwa 2008, kwa hiyo 2026 anatimiza 18 na anaweza kwenda kudai karatasi yake. Jina la Juno atakuwa amelisoma ukutani tangu alipojua kusoma, kwenye cheti anaenda kuongezea la ukoo tu, MacGuff.