Uzito wa gitaa la Tony Iommi: yanayosemwa na yaliyokuwa

Watu wengi wakiulizwa gitaa la roki nzito linapataje mngurumo wake, hujibu kwa kuhesabu vitu: nyuzi nene, besi iliyofunguliwa hadi mwisho, amplifaya zilizopangwa kama ukuta wa matofali, na msururu wa vikanyagio vya kubadilisha sauti miguuni mwa mpigaji. Jibu hilo linaingia akilini kwa haraka. Tatizo ni kwamba tukilipima kwa Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath, mzaliwa wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948, ambaye wapenzi wengi wa muziki huo humhesabu kuwa mwasisi wa sauti yenyewe, karibu kila kipengele chake kinapinduka.

Nyuzi ndizo za kuanza nazo. Inaaminika kwamba sauti nzito hudai uzi mnene, na wapo vijana wanaojiumiza vidole kwa imani hiyo. Iommi alikuwa na umri wa miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, siku aliyokusudia iwe ya mwisho kazini. Mkono uliojeruhiwa ulikuwa wa kulia, na kwa kuwa yeye hupiga kwa shoto, huo ndio mkono unaobonyeza nyuzi shingoni mwa gitaa. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha na kufinyanga vidonge viwili, akavitoboa kwa chuma cha moto cha kulehemia nyaya hadi vikaenea vidoleni, akavisugua kwa msasa, kisha akavigandishia ngozi juu. Kidole kilichovishwa hivyo hakihisi uzi hata kidogo, na uzi mnene ungemchosha kabla ya wimbo kwisha. Akatafuta nyuzi nyembamba, na kwa kuwa watengenezaji wakati ule hawakuwa wakiziuza kwa ajili ya gitaa, alianza kwa kufunga za banjo.

Kutokana na mkasa huo imezuka dhana ya pili, kwamba aliumia vidole, akalegeza nyuzi zote, na uzito ukazaliwa hapo hapo. Kulegeza kulikuja, lakini baadaye. Albamu mbili za kwanza za bendi, zote za mwaka 1970, zilirekodiwa kwa tyuni ya kawaida. Ni katika albamu ya tatu, ya mwaka 1971, ndipo nyuzi zilipoteremshwa toni moja na nusu, uzi wenye sauti ya chini kabisa kutoka noti ya E hadi C#, tena kwa baadhi ya nyimbo tu. Anayetaka ushahidi ausikilize wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza, ule wenye jina la bendi yenyewe. Gitaa linapiga noti ya G, linapanda hadi G ya juu yake, kisha linatua kwenye C#, iliyo umbali wa toni tatu kamili kutoka G zote mbili. Ni hayo tu, yakirudiwa polepole, na kiza chote cha wimbo kimekaa katika umbali huo pamoja na ukimya unaoachwa katikati ya mapigo.

Dhana iliyoshika mizizi kuliko zote, na ambayo binafsi naiona ndiyo inayoharibu sauti za wapigaji wengi wanaoanza, ni kwamba uzito maana yake ni kuongeza besi. Iommi alifanya kinyume. Kati ya gitaa na amplifaya yake ya Laney ya wati 100, iliyotengenezwa Birmingham kwao, aliweka kijisanduku cha chuma kiitwacho Dallas Rangemaster, chenye transista moja ya jemaniamu, swichi moja na kitufe kimoja cha kuzungusha. Hakikuwa kikanyagio, kwani hukaa juu ya amplifaya. Kazi yake ilikuwa kukuza sauti za juu na kuziacha za chini nyuma. Sababu yake inaeleweka. Amplifaya ya valvu, yaani taa za kioo zinazokuza mawimbi ya umeme, ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na ukataji huo huzaa sauti za ziada ambazo sikio linazitambua kama mkwaruzo. Sauti za chini zikiwa nyingi, ndizo zinazoshika nguvu yote ya amplifaya, na mkwaruzo unageuka uji. Zikipunguzwa kabla ya kuingia, kila pigo hubaki na ncha yake. Nafasi ya chini ilijazwa na gitaa la besi la Geezer Butler, mwenzake katika bendi, na yeyote aliyelelewa na muziki wa dansi, wenye mgawanyo wake wa solo, rithimu na besi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu wati, hesabu ni fupi. Amplifaya ya wati 100 haina kelele mara mbili ya ile ya wati 50. Tofauti yao ni desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio hukiona kuwa nyongeza ya wastani. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu zinahitajika takribani desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Na katika kuta za spika zilizokuwa zikipamba majukwaa ya roki, baadhi ya makabati yalikuwa matupu, yamewekwa kwa ajili ya macho.

Limebaki gitaa lenyewe. Jina la Iommi halitengani na Gibson SG, na wengi hudhani aliichagua kwa hesabu kali, tena ikiwa na pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, za koili mbili ambazo zimekuwa kama sharti la muziki mzito. SG yake ya miaka hiyo ilikuwa ya aina iitwayo Special, ambayo pikapu zake za kiwandani ni P-90, zenye koili moja. Wala haikuwa gitaa alilokusudia. Oktoba 1969, Black Sabbath walipoingia studio jijini London kurekodi albamu nzima kwa siku moja, alikuwa ameshika Fender Stratocaster. Baada ya wimbo mmoja pikapu yake ikafa, naye akachukua ile SG aliyokuja nayo kama akiba, akaendelea kurekodi.