Sindano ya kupunguza uzito haichukui nafasi ya methotreksati

Wiki hii tena. Mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa ametulia kabisa karudi kliniki vifundo vya vidole vimevimba, ngumi haifungi, na asubuhi inapita saa nzima kabla hajaweza kushika kikombe cha chai. Ameacha methotreksati, dawa ya mara moja kwa wiki inayoizuia baridi yabisi isile viungo. Kisa ameanza Ozempic, sindano ya semaglutaidi inayopunguza uzito, kilo zinashuka, na kwenye kundi la WhatsApp ameambiwa kuwa "utafiti umethibitisha sindano hii inatibu viungo". Nimelijibu jambo hili kliniki, nimelijibu kwenye korido, nimelijibu kwa simu usiku. Sasa naliandika.

Utafiti huo upo, na ni mzuri. Unaitwa STEP 9, ulichapishwa 2024 katika New England Journal of Medicine. Watu 407 wenye unene uliokithiri na magoti yaliyosagika walichomwa semaglutaidi miligramu 2.4 kila wiki, au sindano isiyo na dawa. Baada ya wiki 68, waliopata dawa walikuwa wamepungua asilimia 13.7 ya uzito na wenzao asilimia 3.2. Alama ya maumivu ya goti ilishuka pointi 41.7 kwa hao wa kwanza na 27.5 kwa hao wa pili. Matokeo nayakubali. Ninachokataa ni kuyahamisha. Wale walikuwa watu ambao gegedu la goti limelika, na goti hubeba mwili mzima, kwa hiyo ukilipunguzia kilo linapumua. Baridi yabisi ni kinga ya mwili wako mwenyewe kuushambulia utando wa ndani ya kiungo. Kifundo cha kidole hakibebi tumbo lako! Unaweza kupungua kilo ishirini huku utando ule unaendelea kuula mfupa, na mfupa ukishalika haurudi.

Tazama pia hiyo 27.5. Watu waliochomwa sindano tupu, wakashauriwa kuhusu chakula na mazoezi, nao walipata nafuu kubwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "wiki ya tatu nilijisikia mwepesi nikaona vidonge vya nini", namwelewa, ila hiyo si sababu ya kuacha dawa.

Nisieleweke vibaya. Mgonjwa wa baridi yabisi mwenye uzito mkubwa namwandikia sindano hizi bila kusita, kama anaimudu bei. Mafuta ya tumboni hutengeneza kemikali zinazochochea uvimbe, na wanene hupata shida zaidi kufikia hatua ya ugonjwa kutulia, hata wakipewa dawa ghali za kuzuia TNF, mojawapo ya kemikali za uvimbe. Moyo nao upo hatarini: baridi yabisi huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa karibu nusu. Utafiti wa SELECT wa 2023, wenye watu 17,604 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo na uzito uliozidi, ulionyesha semaglutaidi inapunguza kwa asilimia 20 shambulio la moyo, kiharusi na vifo vya moyo. Hayo ni mambo makubwa. Lakini sindano inaongezwa juu ya methotreksati. Haiiondoi.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi, na hapa hata baadhi ya wenzangu hujikwaa: CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini. Mgonjwa ananiletea karatasi ya maabara, CRP imeshuka, anasema amepona. Mafuta ya mwili yenyewe hupandisha CRP, hasa kwa wanawake. Ukipungua, CRP inashuka, viungo viwe vimetulia au havijatulia. Na kwa kuwa alama ya DAS28 tunayoitumia kupima ugonjwa ina CRP au ESR (kipimo kingine cha damu cha uvimbe) ndani yake, alama inaweza kupendeza kwenye faili huku kiganja kimevimba vilevile. Ndiyo maana nabonyeza viungo vyote 28 vya alama hiyo kwa vidole vyangu, kimoja kimoja, hata foleni ikiwa ndefu. Na nikiri jambo ambalo vitabu hulipita haraka: kwa mtu mnene, kifundo cha mkono kikiwa laini chini ya kidole changu, mara nyingine sina uhakika kama ni uvimbe wa ugonjwa au ni mafuta. Hapo naomba kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani ultrasound, badala ya kubahatisha.

Sasa hatari ambayo hawaizungumzii kabisa kwenye makundi. Sindano hizi huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha, hasa dozi inapopandishwa. Methotreksati nayo huleta kichefuchefu, na hutolewa mwilini kwa njia ya figo. Mtu akitapika siku mbili, hanywi maji, figo zinazidiwa, methotreksati inabaki kwenye damu na kuanza kuua chembe za uboho. Akiongeza na diklofenaki ya dukani kwa ajili ya maumivu, figo zimepigwa mara mbili. Vidonda mdomoni, homa, fizi kutoa damu: nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukitapika au kuharisha kiasi kwamba maji hayakai, usimeze methotreksati ya wiki hiyo, acha diklofenaki na ibuprofeni, na mpigie daktari wako. Zitenge siku pia. Methotreksati Ijumaa jioni na sindano Jumatatu, kwa mfano, ili ujue kichefuchefu kimetoka wapi. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani, maana dawa mbili za mara moja kwa wiki ni rahisi kuchanganywa, na methotreksati ikimezwa kila siku inaua.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ina sheria yake. Umeitumia kwa miezi, mwili umeacha kutengeneza steroidi yake wenyewe. Hiyo hairukwi. Ukiimeza na kuitapika, unahitaji kuchomwa steroidi hospitali, vinginevyo presha inaanguka. Na tafadhali usiiache ghafla kwa kuwa umegundua ndiyo iliyokunenepesha. Inapunguzwa polepole, nawe upo chini ya uangalizi.

Kina dada, hili nalisema taratibu. Methotreksati huharibu mimba. Tirzepataidi, sindano nyingine ya kupunguza uzito, yaani Mounjaro au Zepbound, hupunguza kiasi cha vidonge vya uzazi wa mpango kinachoingia kwenye damu, hasa wiki nne za mwanzo na wiki nne baada ya kila dozi kupanda. Kupungua uzito nako hurudisha yai kwa wanawake ambao hedhi ilikuwa imepotea. Zijumlishe hizo tatu. Tumia kitanzi, kijiti au sindano ya uzazi wa mpango, au ongeza kondomu. Unapotaka mtoto, semaglutaidi huachwa angalau miezi miwili kabla, na methotreksati huachwa kwa mpango tunaokaa pamoja na kuupanga.

Kabla ya sindano utaulizwa kama umewahi kuugua kongosho, au kama kuna historia ya saratani ya tezi ya shingo katika familia: jibu kweli. Kabla ya upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi kuwa unachoma sindano hizi. Kalamu za sindano za magendo zisizopita kwenye friji, usiziguse. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutaidi bandia.

Mashaka yangu makubwa yako kwenye misuli. Baridi yabisi hula misuli, prednisoloni hula misuli, na kilo zinazoondoka kwa sindano hizi si mafuta peke yake. Kuna mama ambaye BMI yake (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 29, tumbo kubwa, lakini mikono na mapaja yamekonda, na kuinuka kwenye kiti lazima ashike meza. Mwongozo unaruhusu nimwandikie kama ana presha. Mimi husita, na mwenzangu makini anaweza kuamua tofauti nami. Huwa namwanzisha kwanza kwa kuinuka kitini bila kushika, asubuhi na jioni, na mayai, dagaa au maharage kila mlo, kisha tunapima upya nguvu ya kiganja.

Kuhusu kalamu yenyewe: ya Ozempic inazungushwa kitasa kidogo kuchagua dozi, na vidole vigumu vya alfajiri havikiwezi. Choma alasiri, vidole vikishalegea, bonyeza kwa kiganja badala ya kidole gumba, na namba ikifika sifuri hesabu polepole mpaka sita kabla ya kuchomoa.

Na kama umeshaacha methotreksati miezi kadhaa, usirudi nyumbani ukameza dozi ya zamani kwa hofu baada ya kusoma haya. Njoo tupime kwanza picha kamili ya damu, ini na figo, nibonyeze hivyo vidole, ndipo tuamue unaanza na vidonge vingapi.