Dodoso Halikuchagulii Kazi

"Nipime, halafu uniambie nifanye kazi gani." Kila mshauri wa kazi ameisikia sentensi hii, nami nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja. Dodoso la mielekeo, yaani maswali ya kupima unavyovipenda, linaonyesha tu kwamba unavyovipenda vinafanana na wanavyovipenda watu wa kazi fulani. Halipimi uwezo wako. Halijui kama kazi hiyo ina nafasi, wala nani anakutegemea nyumbani.

Tena hata chimbuko la fani hii halikuwa dodoso la kumchagulia mtu kazi. Frank Parsons alipofungua ofisi yake ya ushauri wa kazi Boston mwaka 1908, vijana na wahamiaji walikuwa wakiingia kazini kwa kubahatisha. Alidai mambo matatu: mtu ajijue, azijue kazi na masharti yake, kisha afikiri kwa makini jinsi hayo mawili yanavyokutana. Hapo pa tatu ndipo watu wanapokimbia. Wanataka niwafikirie mimi, wakati Parsons mwenyewe alikataa katakata: uamuzi ni wa kijana, mshauri anamsaidia tu kufikiri. Na ikumbukwe kwamba bwana huyu alisomea uhandisi, akageukia sheria, akafundisha, ndipo akaishia kwenye ushauri. Hebu mpeni huyo dodoso!

Aina sita za John Holland, zinazogawa watu na kazi kwa mielekeo, mnazijua, naziruka. Mwanasaikolojia Donald Super ndiye anayesahaulika: tangu miaka ya 1950 alieleza kwamba namna mtu anavyojiona hubadilika kadiri anavyopita hatua za maisha. Kwa hiyo mpango wa kazi aliouandika mtu akiwa na miaka 18 haumfungi akifika 40. Unapangwa upya, na hakuna aibu yoyote hapo.

Sasa, jambo ambalo sisi washauri hatupendi kulisema kwa sauti. Uhusiano kati ya kazi "inayokufaa" kwa mujibu wa dodoso na kuridhika kwako kazini upo, lakini ni mdogo kuliko tunavyoutangaza. Isitoshe, fani nzima inachukulia kwamba mtu ana pa kuchagua. Anayehitaji mshahara mwezi huu simuulizi mielekeo. Namuuliza ni ipi kati ya kazi anazoweza kuzipata itamwachia ujuzi wa kuhamia nao kwingine. Kama huko nako ni kupanga, au ni kuokoa jahazi tu, bado nabishana na wenzangu.