"She cooks" si lazima awe jikoni

Wanafunzi wengi wa Kiingereza wanaozungumza Kiswahili huamini kwamba wakati uliopo sahili (present simple), yaani umbo kama "She cooks", hutaja tendo linalotendeka sasa hivi, eti kwa kuwa jina lake lina neno "uliopo". Sivyo. Kwa vitenzi vya kutenda, umbo hilo kwa kawaida hutaja mazoea, na mwenzake wa karibu katika Kiswahili ni kiambishi hu-: "She cooks rice" ni "Yeye hupika wali", hata kama saa hiyo amelala fofofo. Sufuria ikiwa jikoni na mwiko mkononi, Mwingereza atasema "She is cooking rice".

Chanzo cha mkanganyiko, nionavyo, ni -na- yetu wenyewe, ambayo hubeba mizigo yote miwili, kwani "Anafundisha" yaweza kujibu "Mbona hapokei simu?" na vilevile "Anafanya kazi gani?", ilhali Kiingereza hudai "He is teaching" kwa swali la kwanza na "He teaches" kwa la pili.

Vitenzi vya hali, kama "know", havifuati mgawanyo huo: "Ninajua" ni "I know", wala "I am knowing" haikubaliki katika Kiingereza sanifu. Watangazaji wa mpira nao wana ruhusa yao, maana husema "He shoots!" mpira ukiwa bado hewani, kwa kuwa tendo ni fupi mno kuelezwa kama jambo linaloendelea.